Mtumbwi wa boksi: bibi wa Baraka aliyeko Marekani alivyomvalisha mjukuu wake sikukuu ya Halloween kwa dola tano

BARAKA, Fizi – Jumatatu tarehe 20 Oktoba 2025, saa sita ya mchana, simu ya mama mmoja fundi cherehani katika soko la Baraka ililia. Ilikuwa sauti ya WhatsApp kutoka kwa dada yake mkubwa anayeishi Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani. Huko ilikuwa saa kumi na mbili ya asubuhi, na giza lilikuwa halijaondoka. Dada huyo hupenda salamu ndefu: huuliza watoto, huuliza jirani, huuliza mvua na bei ya ndagala. Siku hiyo hakuuliza kitu.

«Mdogo wangu,» alisema, «mtoto ananiomba nguo ya buibui.»

Fundi alirudia sauti hiyo mara mbili, na wateja waliokuwa barazani wakaisikia pia. Mmoja akacheka, mwingine akauliza kama huko Marekani buibui ni mdudu au ni nguo ya Waislamu. Sauti ya pili ilipoingia, mambo yakaeleweka. Mjukuu, mtoto wa kiume wa miaka 7, alikuwa anataka kuvaa kama Spider-Man, yule mtu wa filamu anayeruka juu ya majengo akining'inia kwenye nyuzi. Darasani kwao wote watavaa nguo za kujigeuza siku ya Ijumaa tarehe 31. Dukani nguo hiyo ilikuwa dola 35. Bibi alikuwa nazo dola 35, lakini si za buibui.

Kwa wasikilizaji ambao jina hili ni geni, Halloween ni mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, ile ya tarehe 1 Novemba ambayo Wakatoliki wa huku wanaijua vizuri pamoja na siku ya Marehemu Wote inayofuata tarehe 2. Wahamiaji kutoka Ireland na Scotland ndio walioipeleka desturi hiyo Marekani katika karne ya 19. Kwao walikuwa wakichonga tanipu na kuweka mshumaa ndani. Marekani walikuta maboga makubwa, wakachonga hayo. Siku hizi watoto huvaa nguo za kujigeuza, mmoja mfalme, mwingine simba, mwingine mzuka, na jioni huzunguka nyumba kwa nyumba wakipewa pipi. Wakubwa nao husimama mlangoni na bakuli. Hakuna anayelazimishwa, ila mtoto asiyevaa kitu anaonekana mbele ya wenzake.

Na hapo ndipo bibi alipoguswa. Mwaka uliopita mjukuu wake alikwenda masomoni siku hiyo na nguo zake za kila siku, kwa sababu nyumbani hakuna aliyejua. Mwalimu, kwa huruma, alimkatia kofia ya karatasi. Mtoto aliivaa mpaka saa ya kurudi, akaivua kabla ya kupanda basi, akaikunja na kuiweka mfukoni. Bibi aliikuta siku ya kufua. Hakumwambia mtu, lakini kofia ile hakuitupa.

Dola 35 zilikuwa za nani? Hapa Baraka, katika nyumba ya huyu fundi, wanalala watu 11. Watano ni wa nyumba. Wengine ni binti ya marehemu kaka yao, aliyeteremka kutoka milimani na watoto wake wakati risasi zilipozidi, na jamaa wengine waliomfuata. Mtoto wa pili wa huyo binti, msichana wa miaka 8, alianza masomo mwezi wa tisa bila nguo ya bluu na nyeupe. Masomo ya msingi ya serikali yalitangazwa kuwa ya bure tangu mwaka 2019, lakini shati jeupe na sketi ya bluu si za bure. Msichana huyo alikuwa akienda na gauni la kitenge, akikaa benchi la nyuma, na siku ambazo wanafunzi walipangwa mstari kuimba wimbo wa taifa alikuwa akichelewa kwa makusudi. Fundi anashona nguo za masomo za watoto wa watu wengine, lakini kitambaa hununuliwa, na kwa miezi hiyo kila franga ilikuwa inaishia kwenye unga.

Bibi wa Lexington alilijua jambo hilo. Alikuwa ameweka akiba ya dola 35 kidogo kidogo, kutoka kwenye kazi ya kusafisha ofisi usiku, ili azitume. Kwa hiyo mtoto aliposema buibui, bibi aliona wajukuu wawili wamesimama mbele yake, mmoja Lexington na mmoja Baraka, na mfuko ni mmoja.

Kulikuwa na jambo la tatu: kanisa. Bibi anasali katika kanisa la Waswahili, ambako karibu wote ni watu wa Fizi na Uvira waliopitia kambi za Tanzania. Jumapili moja kabla, wamama wa kwaya walikuwa wamesema wazi kwamba Halloween ni sikukuu ya mashetani, na kwamba mtoto wa mwamini hakanyagi. Mmoja alimtazama yeye aliposema. Bibi ni mtu wa kanisa tangu utoto, na hakutaka kuonekana mtu anayechezea vitu vya giza katika uzee wake.

Siku mbili aliwaza. Halafu akamtumia mdogo wake sauti ndefu, ya dakika saba, ambayo fundi ameihifadhi kwenye simu mpaka leo. Katika sauti hiyo anazungumza juu ya vinyago. Anakumbusha kwamba Wabembe hawakufundishwa na Wamarekani kufunika uso. Baba yao aliwasimulia habari za alunga, kinyago kikubwa cha nyuso mbili, kimoja kinatazama mbele na kingine nyuma, chenye macho makubwa ya kutisha. Kilikuwa cha wanaume wa chama chake, na wanawake na watoto hawakukikaribia. Kulikuwa pia na elanda ya vijana, iliyopambwa kwa shanga na simbi. Leo vinyago vya Wabembe viko kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya, nyuma ya vioo, na wazungu hulipa kuviangalia. «Kwa hiyo najua kinyago ni kitu kizito,» anasema bibi. «Mtoto wangu hatafunika uso. Hatavaa mifupa wala mzuka. Lakini kuvaa tu nguo ya kuchekesha, akaonekana na wenzake, hiyo dhambi yake siioni.»

Akaongeza jambo ambalo watu wa barazani walilikubali kwa vichwa. Tarehe 1 Agosti, Siku ya Wazazi, Congo nzima huenda makaburini asubuhi, hulima majani, huosha msalaba, na mchana hurudi nyumbani kula na wazazi walio hai. Hakuna anayesema kwamba hiyo ni ibada ya mashetani. Ni watu wanakumbuka wao walitoka kwa nani.

Ilibaki swali: avae nini?

Fundi ndiye aliyejibu, huku mguu ukiwa kwenye cherehani. «Yaya, buibui wa nini? Mtoto babu yake alikuwa mvuvi. Mvalishe mvuvi.»

Wazo hilo lilipokelewa vizuri Baraka. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa ameleta suruali kutiwa kiraka, alianza palepale kutoa maagizo: kofia iwe hivi, suruali ikunjwe mpaka magoti, na mtoto asimame ndani ya mtumbwi, kwa sababu mvuvi bila mtumbwi ni mtu wa sokoni tu. Fundi alirekodi yote akayatuma. Lexington haikujibu siku hiyo. Haikujibu kesho yake.

Sababu ya ukimya huo fundi aliijua bila kuambiwa, kwa sababu naye alikuwemo.

Vita vilipofika upande huu mwishoni mwa mwaka 1996, dada hao wawili waliondoka pamoja. Mkubwa alikuwa na miaka 34, mtoto mchanga mgongoni na mwingine wa miaka 4 mkononi. Mdogo alikuwa na 26. Walipata nafasi katika mtumbwi wa mvuvi aliyekuwa akivusha watu usiku kwenda Kigoma. Wavuvi wa ziwa Tanganyika huwasha taa usiku ili ndagala wapande juu. Bila taa hakuna samaki. Usiku ule mwenye mtumbwi aliizima taa yake ya karabai na kuifunika kwa gunia, ili wasionekane. Watu walilala juu ya nyavu zilizolowa. Mtoto wa miaka 4 aliuliza kwa sauti kwa nini taa imezimwa, na mama yake akamziba mdomo kwa kiganja. Aliuliza tena. Akamziba tena, kwa nguvu zaidi kuliko alivyotaka. Mtoto huyo leo ni baba wa yule anayetaka nguo ya buibui.

Kutoka Kigoma walipelekwa kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, iliyofunguliwa mwaka huohuo. Mdogo alirudi Baraka mwaka 2007, wakati wakimbizi walipokuwa wakirudishwa kwa meli. Mkubwa alibaki, kwa sababu mume wake alikuwa mgonjwa na hakuweza safari, alimzika hukohuko. Mwaka 2016, baada ya miaka 20 kambini, alipelekwa Marekani pamoja na kijana wake. Binti yake, yule aliyekuwa mgongoni, alikuwa ameolewa na faili lake lilikuwa peke yake. Lilikuwa likiendelea polepole, mahojiano baada ya mahojiano, vipimo baada ya vipimo, mpaka mwezi wa kwanza 2025, serikali mpya ya Marekani iliposimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Yeye na watoto wake wako Nyarugusu mpaka sasa.

Basi mtu anapomwambia bibi huyo amtengenezee mtoto mtumbwi, hasikii mchezo.

Siku ya tatu sauti iliingia. Bibi alisema amemuuliza kijana wake kama anakumbuka mtumbwi. Kijana alijibu kwamba anakumbuka harufu ya ndagala, na kwamba alilala vizuri. Hakukumbuka kiganja. «Miaka 29 nimekibeba peke yangu,» alisema bibi, na hapo kukawa na kimya kidogo kabla hajaendelea na sauti ya kawaida: «Sasa mwambie huyo mzee anieleze vizuri, pua ya mtumbwi inakaa namna gani? Nimesahau.»

Kazi ilichukua jioni nne. Kwa kuwa wamama wengi waliosikia habari hii waliuliza ilivyofanywa, na kwa kuwa hata huku wakati wa Noeli watoto wa kwaya huhitaji nguo za wachungaji na malaika, hivi ndivyo bibi alivyofanya.

Boksi mbili kubwa aliziomba kwenye duka la mboga. Maduka ya huko hutupa maboksi kila siku, na hutoa bure kwa anayeomba. Alizikata upande mmoja, akazinyoosha, akachora umbo la mtumbwi mara mbili, ubavu wa kulia na ubavu wa kushoto, akaziunganisha mbele na nyuma kwa mkanda wa gundi. Katikati aliacha nafasi ya mtoto kusimama. Hakuweka sakafu, ili miguu itembee. Urefu wote ulikuwa hatua moja kubwa ya mtu mzima. Alijaribu kwanza urefu zaidi, mtoto akakwama mlangoni, akapunguza kwa kisu.

Mikanda ya mabegani alishona kwa mkono kutoka kwenye kitenge cha zamani alichotoka nacho Nyarugusu, akaipitisha kama X mgongoni ili isiteleze. Wavu ulikuwa mifuko ya plastiki ya machungwa na vitunguu, ile yenye matundu, mitano imeunganishwa. Ndagala walikatwa kwenye karatasi ya fedha ya jikoni iliyobandikwa juu ya boksi la maziwa ili wasikunjike. Kasia lilikuwa fimbo ya ufagio uliovunjika na kipande cha boksi mwishoni. Taa ilikuwa mtungi mdogo wa siagi ya karanga, umeoshwa, ndani yake uzi wa vitaa vidogo vya betri.

Vilivyonunuliwa ni vitu vinne tu, katika duka la vitu rahisi ambako kila kimoja kilikuwa dola 1 na senti 25: chupa ya rangi nyeusi, chupa ya rangi ya kahawia, mkanda wa gundi, na vile vitaa. Pamoja na kodi ya asilimia 6 ya jimbo hilo, jumla ilikuwa dola 5 na senti 30. Bibi alipiga picha risiti akaituma Baraka, kwa sababu anamjua mdogo wake: mambo ya hesabu hapendi kuambiwa, anapenda kuona.

Picha ya mtumbwi ilipofika, simu ya fundi ilizunguka baraza lote. Mzee mvuvi aliisogeza mbali na macho, akaikaribisha, akatoa hukumu. Pua ilikuwa fupi. Taa iliwekwa katikati, wakati mahali pake ni kichwani mwa mtumbwi. Na ndagala walikuwa wakubwa mno. «Huyo si ndagala, huyo ni mukeke,» alisema. «Mwambie akate wadogo, tena wengi. Ndagala haji peke yake.» Aliuliza pia mtumbwi unaitwaje, kwa maana mitumbwi mingi ya huku ina jina ubavuni. Bibi alikuwa hajafikiria jina. Mtoto mwenyewe ndiye aliyeandika, kwa rangi nyeusi, herufi moja kubwa kuliko nyingine: BARAKA.

Mtoto, tuseme ukweli, hakuwa amefurahi mwanzoni. Alitaka buibui. Alisema hakuna mwenzake anayejua mvuvi wa Tanganyika ni nani. Bibi hakumgombeza. Alimwambia kwamba buibui hutega wavu akashika nzi mmoja, lakini babu yake alitega wavu akalisha kijiji. Mtoto alifikiri kidogo, akauliza kama babu alikuwa anaruka. Bibi akamjibu hapana, lakini alikuwa anatembea juu ya maji usiku kucha na asubuhi anarudi. Hilo lilimtosha mpaka aliposhika kasia. Baada ya kushika kasia hakuuliza tena.

Wiki ya mwisho ya Oktoba ililetea nyumba hiyo habari nyingine. Serikali kuu ya Marekani ilikuwa imefunga shughuli zake nyingi tangu tarehe 1 Oktoba kwa sababu ya ugomvi wa bajeti, na sasa familia zinazopata msaada wa chakula kwa kadi ziliambiwa kwamba fedha za Novemba hazitaingia tarehe 1. Nyumba ya bibi ni mojawapo. Kijana wake anafanya kazi ya kupakia mizigo ghalani, mkewe ana mtoto mdogo, na kadi hiyo ndiyo inayokamilisha mwezi. Siku ya Ijumaa yenyewe, tarehe 31, majaji wawili waliamua kwamba serikali itumie akiba ya dharura, lakini uamuzi wa jaji haupikwi. Jioni ya Alhamisi kijana alimwambia mama yake, kwa heshima, kwamba pengine zile fedha za Baraka zisubiri.

Bibi alihesabu upya. Alikuwa na dola 29 na senti 70. Alijua kwamba mchele na maharage vya wiki mbili vilikuwemo ndani. Alijua pia kwamba kanisa lao lilikuwa limeanza kukusanya chakula kwa familia zitakazokwama. Alimwambia kijana wake: «Sisi tukikosa, tutagonga mlango wa jirani, na jirani ana kitu. Mdogo wangu akigonga, jirani yake naye ana watu 11.» Kijana alinyamaza. Asubuhi, kabla ya mtoto kuamka, dola 25 zilikuwa zimetumwa kwa simu, na ada ya kutuma ikatoka kwenye kilichobaki.

Ijumaa mvuvi alikwenda masomoni. Ndani alivaa sweta mbili, kwa sababu baridi ya Kentucky mwezi huo si ya mchezo, na suruali ikakunjwa mpaka magoti juu ya soksi ndefu, jambo ambalo mzee wa Baraka asingelikubali. Mtumbwi ulibebwa mpaka kwenye basi ukiwa chini ya mkono wa baba. Darasani, kwa maneno ya mtoto mwenyewe, kulikuwa na Spider-Man wanne. Mvuvi alikuwa mmoja. Mwalimu alimwita mbele aeleze, akaeleza kwamba samaki wanapenda taa, na kwamba mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika kwa sababu samaki hawaioni taa vizuri. Hilo alikuwa ameambiwa na mzee wa Baraka kwa sauti ya WhatsApp, na lilikuwa kweli hata kwa wiki hiyo: mwezi ulikuwa ukielekea kujaa, na mitumbwi ya huku ilikuwa ikijiandaa kukaa pwani.

Jioni hakuzunguka nyumba kwa nyumba. Kanisa moja la jirani huandaa watoto katika uwanja wa magari: kila familia hufungua sehemu ya nyuma ya gari, huipamba, na watoto hupita gari hadi gari wakipewa pipi, mahali penye mwanga na bila magari barabarani. Bibi alikwenda naye. Huko alimkuta mama mmoja wa kwaya, mmojawapo wa wale waliosema mashetani, ameshika mkono wa mjukuu wake aliyevaa kama nyuki. Walisalimiana kwa Kibembe, wakatazamana, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Giza lilipoingia, mtoto aliuliza kama anaweza kuwasha taa. Bibi alimwambia awashe. Alipiga picha moja tu, na ndiyo iliyofika Baraka usiku wa manane: uso wa mtoto hauonekani vizuri, mtumbwi hauonekani, inaonekana taa na ndagala wanaong'aa kuizunguka. Picha hiyohiyo ilifika Nyarugusu. Binti aliye kule alijibu kwa neno moja, «Mama», na baadaye akatuma sauti ya watoto wake wakibishana nani angekaa mbele.

Hapa Baraka, dola 25 zilipofika, zilikuta dola imeshuka mbele ya franga, kama kila mtu alivyoona mwezi huo, na zikanunua pungufu kuliko ilivyotarajiwa. Zilitosha kitambaa cheupe cha shati moja na cha bluu cha sketi moja, vifungo, uzi, daftari chache, na unga kidogo. Fundi alishona Jumamosi jioni mpaka mwanga ulipomwishia, akamaliza Jumapili baada ya ibada. Mabaki ya kitambaa cha bluu hakuyatupa. Yatakuwa kola ya mtoto mwingine.

Watoto wa nyumba hiyo nao walikuwa wameiona picha. Jumapili alasiri walipata boksi tupu la mafuta ya msaada, wakalikata ubavu, wakalifunga kwa kamba ya katani. Rangi hawakuwa nayo, wakatumia mkaa. Wavu waliazima kipande kilichochanika kwa yule mzee, ambaye alisimama pembeni akiwasahihisha jinsi ya kushika kasia. Mtumbwi wao ulipita mbele ya baraza mara nyingi, mara ukiwa na watoto watatu, mara sita, mpaka ukapasuka. Waliporudi kuomba boksi jingine, fundi aliwafukuza kwa mzaha akiwaambia wavuvi hulala mwezi ukijaa.

Jumatatu tarehe 3 Novemba, msichana wa miaka 8 alivaa shati jeupe na sketi ya bluu akaenda masomoni. Alitoka mapema kuliko siku nyingine zote. Mama yake anasema alisimama mstari wa pili, si wa mwisho, na kwamba alirudi bila doa hata moja kwenye shati, jambo ambalo halitadumu.

Mchana wake simu ya fundi ililia. Marekani walikuwa wamerudisha saa nyuma siku ya Jumapili, kwa hiyo sauti ya saa kumi na mbili asubuhi ya Lexington sasa inafika Baraka saa saba. Safari hii salamu zilikuwepo zote, za watoto, za jirani, za mvua. Bibi alisema boga la jirani limeoza mlangoni, na mtumbwi umewekwa juu ya kabati kwa sababu mtoto amekataa utupwe. Alisema fedha za kadi bado hazijaingia, ila kanisa limeleta mchele. Mwishoni akauliza alichotaka kuuliza tangu mwanzo.

«Na sketi, imemtosha?»

«Imemtosha, Yaya,» alijibu fundi. «Na upindo nimemwachia mrefu, tutaufungua mwaka ujao.»